Lami ya Ufipa ipimwe Ufipa

Katika kila tani moja ya zege la lami, kilo 950 hivi ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe. Lami yenyewe ni kilo 50 tu, au pungufu kidogo. Kwa hiyo barabara tunayoiita ya lami ni barabara ya mawe yaliyoshikamanishwa. Mawe yakiwa dhaifu, au lami ikishindwa kuyashika, mashimo yanaanza kabla hata utepe wa uzinduzi haujasahaulika.

Mkoa wa Rukwa, ulipo uwanda wa Ufipa, umeingoja lami kwa miaka mingi. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa fedha za mkataba wa MCC, shirika la misaada la Marekani, ambao Rais Jakaya Kikwete na Rais George W. Bush walitia saini Dar es Salaam Februari 2008. Kabla yake, malori ya mahindi yalikwama kwenye matope kila msimu wa mvua, na mkulima wa Laela aliuza kwa bei aliyopangiwa na mwenye lori. Baadaye lami ikaelekea Matai na bandari ya Kasanga, na kaskazini kuelekea Mpanda. Barabara hizi ndizo zinazopitisha chakula cha nchi na bidhaa za kwenda Kongo. Hatuna uwezo wa kuzijenga mara mbili.

Msimamo wetu ni huu: lami isitandazwe Ufipa mpaka majibu ya vipimo vya mawe na lami yawe mezani mwa Bodi ya Barabara ya Mkoa, kwa lugha anayoielewa diwani.

Tuanze na mawe. Miamba ya uwanda wetu kwa sehemu kubwa ni migumu, ya jamii ya granaiti na naisi. Ugumu ni sifa njema, lakini hautoshi. Mawe yenye kwatzi nyingi hupenda maji kuliko lami. Mvua ikipenya kwenye ufa, maji hujipenyeza kati ya jiwe na lami, lami ikabanduka, kokoto zikaanza kung'oka moja moja. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, hivyo maji yana miezi sita ya kufanya kazi hiyo. Dawa yake inajulikana: kuchanganya chokaa kidogo au kemikali ya kunatisha. Lakini dawa hutolewa baada ya kupima, na kila machimbo yana jiwe lake. Jibu la kokoto za Tunduma haliwezi kuwa jibu la kokoto za Matai.

Vumbi nalo ni adui. Kwenye lami nyepesi, ambapo lami hunyunyiziwa kwanza na kokoto kumwagwa juu yake, kokoto yenye vumbi hushika vumbi lake badala ya kushika barabara. Kuziosha na kuzichekecha kunagharimu, na ndiko mahali pa kwanza ambapo mkandarasi mwenye haraka hubana matumizi.

Lami yenyewe inatoka nje ya nchi. Ikishashushwa bandarini Dar es Salaam, inasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kufika Sumbawanga. Ili imiminike lazima ipashwe moto, na kila inapopashwa kupita kiasi hukauka na kupoteza unato. Hati ya ubora iliyotolewa bandarini inaeleza hali ya lami ikiwa bandarini tu. Kipimo chake si cha ajabu: sindano yenye uzito wa gramu 100 huachwa izame kwenye lami kwa sekunde 5, katika nyuzijoto 25. Ikizama kidogo kuliko inavyotakiwa, lami imekauka. Kipimo hicho kifanyike hapa, kwenye shehena iliyofika hapa.

Tena aina ya lami ichaguliwe kwa hali ya hewa ya mahali. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, iko chini yake kwa takribani mita 1,000. Tofauti hiyo huleta kama nyuzijoto 6. Juu uwandani, lami ngumu mno hupasuka kwa baridi. Chini ziwani, lami laini mno hulegea kwa joto na kuchorwa mifereji na matairi. Ndivyo ilivyo pia kwa barabara ya Ntendo kwenda Muze, inayoshuka ukingo wa Bonde la Rukwa. Msanifu anayeandika jibu moja kwa njia nzima hajaitembea njia hiyo.

Halafu kuna saa ya kutandaza. Msimu wetu wa kiangazi, ambao ndio msimu wa ujenzi, ndio pia msimu wa baridi na upepo. Zege la lami hutoka mtamboni likiwa na nyuzijoto 150 au zaidi, na lazima lishindiliwe kabla halijapoa na kukaribia 80. Asubuhi ya Julai, upepo wa Ufipa hulipoza tabaka jembamba kwa dakika chache. Rola likichelewa, chini hubaki matundu yasiyoonekana, na mvua ya kwanza huyajaza maji. Kipimajoto kiwepo kazini, na joto kinaloonyesha liandikwe.

Wapo watakaosema tatizo ni malori yanayozidisha uzito. Ni kweli kwamba uzito unaua barabara: majaribio ya Marekani ya mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikibebeshwa mara mbili, madhara yake huongezeka karibu mara 16. Mizani isimamiwe bila kuoneana haya. Lakini mizani haiwezi kuokoa barabara ambayo kokoto zake zinabanduka zenyewe.

Wengine watasema vipimo hufanyika tayari. Tunakubali. Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 unaeleza viwango vya mawe na vya lami, TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ina maabara, na kila mradi mkubwa una mhandisi mshauri. Shida ni kwamba majibu hubaki kwenye mafaili hadi mashimo yatokee, na hapo kila mmoja hunyoosha kidole kwa mwenzake. Kusoma karatasi chache kwenye kikao hakucheleweshi mradi wowote. Kurudia kilomita 10 kunauchelewesha, na kunakula fedha za Mfuko wa Barabara ambazo zingefika vijijini Nkasi na Kalambo.

Tunataka Bodi idai mambo manne kwa kila mradi wa TANROADS na wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini: jina la machimbo na majibu ya mawe yake, kipimo cha lami iliyofika Rukwa, joto la lami kila siku ya kutandaza, na ukaguzi wa nyufa kila Oktoba, zizibwe kabla ya mvua. Barabara ya Tunduma imeshavuka miaka 10, umri ambao lami huanza kukauka. Bodi ianze nayo.

Kikao kijacho cha Bodi kiombe karatasi hizo. Diwani atakayerudi katani kwake bila kuziona, wananchi wamwulize sababu.