Tazama Kwanza, Kisha Kataa



Juzi, masomo yalipokwisha, wanafunzi wetu wakubwa hapa Mokambo walitujia na swali: «Mwalimu, tukisikia kwamba picha fulani ya sinema yaitukana nchi yetu, je, yatupasa kuisusia?» Hatukuwajibu upesi, kwa maana swali hilo lina miiba.

Kususia si jambo geni kwa Wakatoliki. Mwaka 1934 waamini wengi sana wa Marekani walitia sahihi ahadi ya kujiepusha na picha chafu. Papa Pius XI aliwasifu katika barua yake Vigilanti Cura ya mwaka 1936. Lakini katika barua hiyohiyo aliagiza kila nchi iwe na ofisi ya kuzitazama picha na kuwajulisha waamini zipi zafaa na zipi hazifai. Basi, hata pale palipo na katazo, sharti awepo mtu aliyetazama kwanza.

Na sisi Waafrika tumeyaona mambo hayo kwetu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtu wa Austria, alitoa picha iitwayo Darwin's Nightmare, juu ya samaki aina ya sangara wa Ziwa Viktoria. Ilionyesha minofu ikipelekwa Ulaya kwa ndege, na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakibaki kwa maskini. Mwaka 2006 Rais Kikwete wa Tanzania aliilaumu hadharani, na watu wakaandamana mjini Mwanza. Mtu aonaye kwamba mji wake umeaibishwa ana haki ya kunena. Lakini twamwuliza kila mwandamanaji: je, wewe mwenyewe umeitazama? Kama hujaitazama, hasira hiyo si yako, umeazimwa. Bendera hufuata upepo. Mtu hana budi kufuata akili.

Sasa turudi kwetu Kongo. Mwaka 2015 Thierry Michel, Mbelgiji, alileta picha aliyoitengeneza pamoja na Colette Braeckman, L'homme qui répare les femmes. Yasimulia kazi ya Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi huko Bukavu, na mateso ya wanawake walionajisiwa wakati wa vita. Mwezi wa Septemba Serikali iliikataza, ikisema kwamba yalichafua jina la jeshi, na kwamba maneno ya mashahidi yametafsiriwa vibaya.

Hapo tusimame kidogo. Ikiwa tafsiri ina kasoro, ni nani awezaye kuitambua kuliko sisi wasemaji wa lugha zenyewe? Na tutaitambuaje tukikatazwa kusikiliza? Wanawake wale walikuwa wamepata ujasiri wa kusema mbele ya watu. Katazo likaziba masikio ya ndugu zao wenyewe. Mwezi wa Oktoba liliondolewa. Mwaka 2018 daktari huyo akapewa tuzo ya Nobel ya Amani.

Hivyo twawajibu wanafunzi wetu. Kususia ni kujinyima mwenyewe: mtu abaki nyumbani, fedha yake ibaki mfukoni. Kukataza ni kuwanyima wengine. Mambo hayo mawili yafanana kwa sura, lakini si ndugu. La kwanza laweza kuwa tendo la heshima. La pili lataka sababu nzito sana.

Siku hizi picha haingoji jumba la sinema. Inavuka mpaka pamoja na madereva wa malori, ndani ya simu. Kwa hiyo, enyi wazazi na vijana, kabla ya kupiga kelele, jiulizeni maswali matatu. Je, nimeitazama, au nimesimuliwa na mtu mwaminifu aliyeitazama? Je, yanikasirisha kwa kuwa ni uongo, au kwa kuwa ni kweli inayotia aibu? Na nikiipinga, nitakuwa nimemziba kinywa nani?

Aliye na majibu ya hayo matatu, na asusie kwa amani. Asiye nayo, akae kwanza atazame.