Hesabu Moja, Uzito Mbalimbali

Miongoni mwa mabishano yasiyokwisha duniani ni yale ya kuwalinganisha mashujaa wa zama mbalimbali. Wazee husema hapana kama wa jana, vijana husema hapana kama wa leo, na kila upande una ushahidi wake mkononi. Mabishano haya huonekana kuwa ya mchezo tu, lakini ndani yake mna swali zito ambalo mwalimu asahihishaye mitihani, na mkuu wa idara aandikaye taarifa ya kazi ya walio chini yake, hukutana nalo kila mwaka. Swali lenyewe ni hili: tunampima mtu kwa mizani gani?

Nataka kulitazama swali hilo kwa kuutumia mchezo wa mbali, yaani mpira wa Kimarekani. Mchezo huo si kandanda tuijuayo sisi. Mpira wenyewe una umbo la yai, nao hubebwa mikononi. Timu mbili zenye watu 11 kila moja hugombea uwanja yadi kwa yadi, na mchezaji aufikishaye mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani huipatia timu yake pointi 6, ambazo katika makala haya nitaziita bao. Mchezaji mmoja kazi yake kubwa ni kuurusha mpira. Mwingine, ambaye nitamwita mdakaji, hukimbia mbele, humkwepa mlinzi, huudaka mpira angani na kuendelea nao. Wamarekani hawaishi kubishana juu ya mdakaji huyu: ni nani aliyewapita wote?

Tukizitazama hesabu peke yake, shauri limekwisha. Jerry Rice, mwana wa fundi mwashi wa Mississippi, alicheza katika ligi kuu ya mchezo huo, NFL, tangu mwaka 1985 hadi 2004. Alidaka mpira mara 1,549, akapata yadi 22,895 na mabao ya kudaka 197. Amfuataye kwa yadi ni Larry Fitzgerald, aliyecheza msimu wake wa mwisho mwaka 2020, naye alikomea yadi 17,492. Pengo la zaidi ya yadi 5,000 baina ya mtu wa kwanza na wa pili si jambo dogo.

Lakini hesabu tupu ni shahidi asemaye kweli bila ya kusema yote. Tumchukue Don Hutson, aliyeichezea timu ya Green Bay tangu 1935 hadi 1945. Huyu alidaka mara 488 na kufunga mabao 99. Mtu mwenye haraka atasema kuwa Rice ni zaidi ya mara tatu ya Hutson, naye atakuwa amekosea. Zama za Hutson timu ilicheza mechi 10 hadi 12 kwa msimu. Zama za Rice zilikuwa 16, na tangu mwaka 2021 zimekuwa 17. Tena siku zile timu nyingi zilipendelea kukimbia na mpira kuliko kuurusha. Katika msimu wa 1942 Hutson alidaka mara 74, na aliyemfuata katika ligi nzima alidaka mara 27 tu. Mabao yake 99 yalibaki kuwa kilele cha ligi mpaka mwaka 1989, alipotokea Steve Largent akayapita, miaka 44 baada ya Hutson kustaafu.

Iko hesabu moja inayoonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1942 Hutson alipata yadi 1,211. Mwaka 2002 Rice naye, akiwa katika msimu aliotimiza umri wa miaka 40, alipata yadi 1,211 zile zile. Katika daftari hesabu hizo ni sawa kabisa. Lakini Hutson alizipata katika mechi 11, na kabla yake hapakuwa na mtu aliyewahi kufikisha yadi 1,000 katika msimu mmoja wa ligi hiyo. Rice alizipata katika mechi 16, wakati yadi 1,000 zilikwisha kuwa jambo la kawaida kwa mdakaji hodari. Ila alizipata katika umri ambao wenzake wa rika walikwisha kuacha mchezo siku nyingi. Hesabu ni moja, uzito ni mbalimbali.

Basi kanuni ya kwanza ya haki ni kwamba mtu apimwe kwanza na wenzake wa zama zake, waliokula naye sahani moja. Kanuni ya pili ni kwamba zitazamwe sheria alizozifanyia kazi. Mwaka 1978 wakuu wa ligi waliamua kuwa mlinzi asimzuie mdakaji kwa mikono akishavuka yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia mchezo. Kabla ya hapo mdakaji aliweza kusukumwa na kugongwa njia nzima mpaka mpira uliporushwa. Paul Warfield, aliyeacha kucheza mwaka 1977, alifanya kazi yake yote chini ya sheria ile ya zamani. Alidaka mara 427 tu, lakini kila alipodaka alipata wastani wa yadi 20. Atakayemhukumu Warfield kwa wingi wa mipira aliyoidaka atakuwa amemwadhibu kwa kosa la kuzaliwa mapema.

Hata ndani ya zama za karibu hesabu huweza kutupoteza. Daftari linasema kuwa bingwa wa mabao ya kudaka katika msimu mmoja ni Randy Moss, aliyefunga 23 mwaka 2007. Rice alifunga 22 mwaka 1987. Lakini Moss alicheza mechi 16, na Rice alicheza 12, kwa sababu mwaka ule wachezaji waligoma.

Mpaka hapa wengi watakubaliana nami. Liko, hata hivyo, jambo la tatu ambalo washabiki hupenda kulipita kimya, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Kabla ya kuuliza mtu aliwashinda wangapi, yatupasa kuuliza ni nani waliozuiliwa kushindana naye.

Hadi mwaka 1933 walikuwamo wachezaji weusi wachache katika ligi ile. Baada ya msimu huo hakuonekana hata mmoja mpaka mwaka 1946. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa; lango lilifungwa kimya kimya, nao wenye timu wakakana kuwa limefungwa. Hutson aliingia mwaka 1935 na kutoka mwaka 1945. Maana yake ni kwamba kazi yake yote, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, ilikuwa ndani ya miaka ile ya ubaguzi.

Alikuwako kijana mmoja mweusi aitwaye Woody Strode, mdakaji wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliyezaliwa mwaka 1914. Hutson alizaliwa mwaka 1913, kwa hiyo walikuwa watu wa rika moja. Strode alimaliza kucheza chuoni mwaka 1939, akiwa mwenye nguvu zake zote, lakini ligi haikumwita. Mwaka 1946 timu ya Rams ilihamia Los Angeles ikataka kuutumia uwanja mkubwa wa mji, ambao ni mali ya umma. Waandishi wa magazeti ya watu weusi walisimama wakasema kuwa uwanja wa wananchi wote hauwezi kutumiwa na timu inayowabagua baadhi yao. Hapo ndipo Kenny Washington na Strode walipochukuliwa. Strode alikwisha kuwa na miaka 32. Alicheza msimu mmoja, akadaka mara 4, kisha akaachwa.

Mara 4 kwa mara 488! Je, hiyo ndiyo tofauti ya uwezo wa watu hawa wawili? La hasha. Sisemi kwamba Strode angalikuwa sawa na Hutson, wala hakuna awezaye kusema hivyo. Hiyo ndiyo dhuluma yenyewe: ubaguzi ulimnyima Strode kazi yake, na ukatunyima sisi sote jibu.

Watakuwako watakaosema kwamba Hutson hakulifunga lango lile. Ni kweli, na heshima yake tusimvue, kwani aliwashinda wote aliowakuta. Wengine watasema kuwa Rice alibahatika kurushiwa mpira na Joe Montana na Steve Young, warushaji wawili walio miongoni mwa bora kabisa. Hilo nalo ni kweli, lakini yadi zile 1,211 za mwaka 2002 alizipata katika timu nyingine, akirushiwa na mtu mwingine.

Kwa maoni yangu, taji ni la Rice, wala si kwa sababu ya yadi zake 22,895. Ni kwa sababu alizipata katika uwanja ulio wazi, mbele ya walinzi wa kila rangi, kwa misimu 20. Na tukumbuke jambo hili: lau Rice huyo huyo, mwenye mikono ile ile, angalizaliwa mwaka 1912, angalikuwa na miaka 22 lango lilipokuwa limefungwa, na miaka 34 lilipofunguliwa. Hesabu yake katika miaka yote ile ya Hutson ingalikuwa sifuri, na leo washabiki wangaliitazama sifuri hiyo wasijue ni ya nani.

Mwalimu aonapo alama za chini, na mkuu wa idara aonapo jalada jembamba la mtumishi, hawana budi kukumbuka sifuri ya namna hiyo. Ziko sifuri zinazotokana na uvivu, na ziko zinazotokana na lango lililofungwa. Kalamu inayoziandika ni moja, na katika karatasi zinafanana kabisa. Kuzitenganisha ni kazi ya mpimaji, nayo haifanyiki kwa kujumlisha tarakimu tu.