Inje Ni Yetu: Ziwa, Mulima na Njia Si za Wenye Pesa na Wenye Bunduki Tu

Wandugu wa Goma, Sake, Mubambiro na Masisi yote,

Kila mwaka kuna mutu anaandika orodha ya mambo ya kufanya huku kwetu, na orodha ni ile ile: panda Nyiragongo, oga mu Ziwa Kivu, piga picha ku Lac Vert, lala ku kisiwa cha Tchegera, kiisha upande mpaka ku milima ya Masisi, yenye wanaita Uswisi ya Afrika, ukule fromage. Picha ni nzuri, na hazidanganye. Inchi hii ni nzuri kweli. Sisi tuko na swali moja tu: ni nzuri kwa nani?

Tuanze na mulima. Nyiragongo iko na metre 3,470, na sisi tunaijua kuliko mugeni yeyote. Tarehe 17 Januari 2002 wazazi wetu walitubeba mugongoni wakikimbia moto wake. Tarehe 22 Mei 2021 tulikimbia kwa miguu yetu wenyewe. Lakini kuipanda? Wakati utalii ulikuwa wazi, kibali cha mugeni kilikuwa dola 300, na cha kuona magorila dola 400. Mugeni alipe, hatukatai. Kazi ya kulinda mbuga inaomba pesa, na walinzi zaidi ya 200 wa Virunga walishakufa mu kazi hiyo. Chenye tunakataa ni hiki: mbuga ilianzishwa mwaka 1925, imepita miaka 100, na mpaka leo vijana wengi wa Goma wanajua juu ya ule mulima ku simu tu. Kijana wa Kibati, kwenye njia inaanzia, alifika juu akiwa amebeba mizigo ya wengine. Utalii ulifungwa mwezi wa Mei 2018, ukafunguliwa Februari 2019, ukafungwa tena Machi 2020 juu ya korona, kiisha volkano yenyewe ikalipuka. Kufunga na kufungua, kila mara walihesabu hasara ya watalii. Hasara yetu hakuna mwenye aliihesabu.

Tushuke ku ziwa. Kivu haina mamba, haina kiboko. Ingekuwa fasi ya kila mutoto kujifunza kuoga. Lakini tembea kutoka Himbi mpaka Kyeshero, uhesabu kuta. Ukuta, mulango wa chuma, sentineli, ukuta tena. Maji unayasikia, hauyaoni. Mwenye pesa ya kununua Fanta mu hoteli ndiye anaona jua likizama. Wengine tunasongamana Kituku, fasi moja ya kuoga, ya kufua, ya kushusha mizigo ya mitumbwi, na ya kuchota maji ya nyumba. Halafu kolera ikija, wanatuambia tunakosa usafi!

Sheria iko wazi. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na kitanda cha kila ziwa ni cha Serikali, kipimwe mpaka fasi yenye maji yanafika yakijaa. Hakuna mwananchi mwenye anaweza kununua ziwa. Basi wale wenye walijenga mpaka mu maji, nani aliwapa karatasi? Tunauliza tu.

Na hata fasi yenye iko wazi, kifo kiko. Kati ya Goma na Sake kuna mazuku. Wengine mnadhani ni hadithi ya bibi. Si hadithi. Ni gazi yenye inatoka chini ya udongo wa volkano, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa. Inalala mu mashimo na mu mabonde, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mutu mukubwa anaweza kupita wima bila kusikia kitu, mutoto mwenye anamufuata akaanguka. Mutu mwingine anainama kumuinua, naye anabaki pale pale. Wataalamu wa OVG, wenye kazi yao ni kuchunguza volkano, wanazijua fasi hizo. Kibao kimoja cha mbao na rangi nyekundu kinalipiwa pesa ngapi? Ni wangapi wanapaswa kufa mbele ya kukisimamisha?

Sasa tufike Mubambiro, kwa sababu ni pale uongo wa zile orodha unaonekana wazi.

Mubambiro iko ku barabara ya Goma–Sake, mu groupement ya Kamuronza. Upande mumoja mbuga, upande mwingine njia ya kwenda ku ziwa, mbele Sake na milima ya Masisi inaanza kupanda. Ni huku moto wa Nyamulagira ulifika mpaka mu ziwa kati ya mwaka 1938 na 1940, na mawe yake meusi yangali. Inchi ingine ingeweka pale njia ya baiskeli, meza za mawe, vijana wa kueleza wageni namna ziwa na volkano vilikutana. Kwetu waliweka kambi. Maaskari wa FARDC, wa MONUSCO, wa SADC. Februari 2024 bomu ilianguka mu kambi ya Waafrika Kusini upande huu, ikaua wawili. Januari 2025 M23 ikachukua Sake, kiisha Goma. Kofia zilibadilika. Vyuma vyenye havijalipuka vilibaki mu majani, na majani ndiyo yenye watoto wanachezea na mama wanatafutia kuni.

Na ile Lac Vert ya mapicha? Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia wakimbizi wa vita wenye walikuwa wamejenga mahema yao huko na Mugunga. Mwezi wa Februari 2025 wakaambiwa wabomoe, warudi kwao. Warudi mu mashamba yenye nani alisafisha?

Tunajua chenye wengine watasema: «Watu wanakufa na njaa, banki zimefungwa, kazi hakuna, nyinyi mnaongea matembezi?» Ndiyo, tunaongea matembezi. Kwa sababu njia yenye hatuwezi kutembea siku ya yenga ndiyo njia yenye mama hawezi kupitisha sombe yake siku ya posho. Bariere yenye inaomba jeton kwa mwenye tshukudu ndiyo inaomba jeton kwa mwanafunzi. Pahali mutoto hawezi kukimbiza mupira, baba yake hawezi kulima. Ukitaka kujua kama inchi iko na amani, usiangalie karatasi zenye zinasainiwa mbali. Angalia kama watu wanaweza kutoka inje bila kuomba ruhusa na bila kuogopa chini ya miguu yao.

Tena, tuko wengi wenye diplome mu sanduku na mikono mitupu. Kuongoza wageni, kufundisha watoto kuoga, kuchunga wasizame, kupanda miti ku njia: hiyo yote ni kazi. Haihitaji migodi. Haihitaji bunduki.

Kwa hiyo tunaomba, na kwa wenye wako na mamlaka hapa, iwe na kofia gani, tunadai:

1. Udongo wa Mubambiro, Sake na kandokando usafishwe mabomu mbele ya kumulazimisha mutu yeyote kurudi. Fasi zenye hazijasafishwa ziwekewe alama nyekundu, na maandishi ya Kiswahili.

2. Kila fasi ya mazuku yenye inajulikana kati ya Goma na Sake iwekewe kibao, na masomo yafundishe watoto alama zake.

3. Kila quartier yenye inagusa ziwa ipate njia ya watu wote mpaka ku maji. Karatasi za wenye walijenga mu maji zionyeshwe mbele ya wanainchi.

4. Siku volkano na amani vitaruhusu tena kupanda, masomo ya Goma, Nyiragongo na Masisi yapate siku zao, kwa bei ya franga yenye muzazi anaweza kulipa, na vijana wa vijiji vya kandokando wawe waongozi, si wabebaji tu.

5. Hakuna jeton kwa mutu mwenye anatembea kwa muguu, kwa baiskeli ao kwa tshukudu.

Na sisi wenyewe tusingojee. Ukiona chuma usichokijua mu majani, usiguse, usirushe jiwe, usipige picha karibu: rudi kwa njia ile ile ulipitia, uwaambie wengine. Ukiona ndege na wadudu wamekufa mu shimo, usiingie, hata kumusaidia mwenzako: ita watu, mutafute kamba ndefu. Mu quartier yako, andika njia za ziwa zenye wazee wanakumbuka na leo zimefungwa. Majina ya wazee musiweke. Siku ya salongo, tusafishe zile zenye zimebaki, ili asiseme mutu kwamba haziko na mwenyewe.

Mwenyewe yuko. Ni sisi.

Ziwa halina mulango. Mulima hauna funguo. Tulichoka kuangalia inchi yetu ku picha za wengine.

Inje ni yetu, tutatoka!