Mwizi yuko ng'ambo, mashtaka yako Bunia

Wiki hii tunaongea juu ya wizi wa simu.

Tuseme mama wa Mudzipela anapata ujumbe: mtoto wake amepata kazi Kampala, atume dola 50 za makaratasi. Namba inaanza na +256. Anatuma, kisha ile simu inazimwa. Anakwenda polisi, OPJ anaandika maneno yake vizuri, na hapo njia inakatika. OPJ wa Bunia hana uwezo wa kulazimisha kampuni ya simu ya Uganda itaje mwenye namba. Mamlaka yake yanaishia Mahagi, Aru na katikati ya Ziwa Albert. Mwizi anajua hilo kuliko sisi.

Sheria tunayo: Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023. Lakini sheria haivuki mpaka yenyewe, inavushwa na barua. Polisi wanaweza kuulizana kupitia Interpol, maana kila nchi mwanachama, nazo ni 196, ina ofisi yake. Yetu iko Kinshasa. Hiyo inafaa kwa kutafuta habari. Kwa ushahidi wa kuweka mbele ya hakimu, kwa kawaida inatakiwa barua ya mahakama kwa mahakama, inayopita mikononi mwa wizara. Inakwenda polepole kweli.

Na barua hiyo inahitaji kufundishwa. Sisi tunaandika Kifaransa, Kampala wanasoma Kiingereza. Isipoonyesha siku, saa, namba kamili na kosa lenyewe, inaweza kurudishwa. Tena kumbukumbu za kampuni hazikai milele, kwa hiyo ombi la kwanza ni "zihifadhini", ndipo "tupeni" lifuate. Nani anazaliwa akijua hayo?

Matunda ya kushirikiana yanaonekana. Katika Operesheni Serengeti ya Septemba na Oktoba 2024, Interpol na Afripol pamoja na nchi 19 za Afrika, Kongo yetu ikiwemo, walikamata watu 1,006. Mwaka 2025, kati ya Juni na Agosti, walikamatwa 1,209, na dola milioni 97.4 zikapatikana. Kabla ya hiyo ya pili, wapelelezi walipewa mafunzo ya vitendo.

Tunafurahi. Ila mashtaka ya mama wa Mudzipela hayaanzi Kinshasa, yanaanzia kwenye daftari la OPJ wa hapa. Kwa maoni yetu, afadhali ofisa mmoja wa Bunia na mmoja wa Arua wakae siku tatu chumba kimoja, na kesi moja mezani, kuliko hotuba nyingi katika hoteli ya mbali. Kiswahili hakitawapiga chenga.

Umoja wa Mataifa nao ulipitisha mkataba wa mambo haya tarehe 24 Desemba 2024, lakini lazima nchi 40 ziuridhie ndipo uanze kazi.

Upande wetu: usifute ujumbe. Chunga risiti ya kabini, andika saa, na namba yote pamoja na ile +256. Usimpigie mwizi kumtukana (wengi tunapenda hivyo!), maana ataitupa namba. Enda polisi siku ileile.

Jumamosi, kisha mkutano, wasichana wetu watabaki kuonyesha wamama namna ya kutunza ujumbe. Mje na simu zenye chaji.