Sinema Isiyo na Ngumi

Vijana wengi wa Kaloleni, Makongeni na Umoja hupima sinema kwa idadi ya ngumi. Basi waionapo The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, husonya: mapenzi mengi, siasa nyingi, mapigano machache. Hukumu hiyo naipinga.

Kweli, mwendo wake ni wa kobe. Lakini yasimulia nini? Justin, afisa mpole wa ubalozi wa Uingereza apendaye bustani, afiwa na mkewe Tessa, aliyeuawa kwa kuchunguza dawa ya kifua kikuu iliyojaribiwa kwa maskini wasioelezwa hatari yake. Polepole afuata nyayo za mkewe, na polepole ndipo atambuapo alimwoa mtu wa namna gani. Uovu huo hautumii ngumi sana. Hutumia kalamu, faili na tabasamu. Asubiriye mlio wa bunduki tu hatayaona mauaji yatendekayo kimya.

Kisa ni cha kubuni, lakini Meirelles wa Brazil alikipigia picha Kibera, upande wa pili wa mji wetu huu. Je, mgonjwa akipewa kidonge asichokijua, ngumi itamfaa nini? Litakalomfaa ni swali, na swali la namna hiyo haliulizwi na mwenye pupa.