Mkojo wa kupima kobalti: usafi unaanzia mikononi mwetu

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani,

Kila tunapogawa chupa za mkojo kwa wale wanaofanya kazi penye mavumbi ya kobalti, tunasikia maneno matatu. Mmoja anasema: «Ngoja nijaze sasa hivi, kuoga ni baadaye.» Mwingine anasema: «Nitaleta siku ya kazi moja, nikiisha kupumzika.» Wa tatu anamuomba rafiki yake amjazie, maana anaogopa kuondolewa mahali pake na kupoteza primu. Mawazo yangu ni haya: afadhali kukosa kipimo kuliko kuwa na kipimo cha uongo, kwa sababu uongo huo unalaza mtu usingizi huku mapafu yake yanaharibika.

Tuangalie hesabu. Kwa mfanyakazi wa kobalti, kiasi kinachotumiwa na waganga wengi kama alama ya kuangalia ni mikrogramu 15 katika litri moja ya mkojo. Mikrogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni. Sasa, tuseme vumbi la kiwanda lina kobalti 5 kwa mia. Chembe ya miligramu 0,1 tu, ambayo jicho linaiona kwa shida, ina mikrogramu 5 za kobalti. Ikianguka kutoka ukucha wako ndani ya chupa yenye mililitri 50, laboratwari itasoma 100 kwa litri! Mtu mzima atahesabiwa kama mgonjwa.

Wengine wanasema: «Mashini itatenganisha uchafu.» Hapana. Ninyi wa kiwanda mnajua namna dawa ya mafuta inavyovuta shaba kutoka katika maji ya asidi. Laboratwari inaweza kufanya vile vile katika chupa ndogo. Inatia dawa inayokamata metali, halafu kimiminiko kisichochangana na maji, na kutikisa kwa nguvu. Kobalti inahama kutoka mkojo na kupanda juu. Kama mkojo ulikuwa mililitri 50 na kimiminiko mililitri 5, na kobalti yote imehama, basi imekolea mara 10, na mashini inaweza kuiona. Lakini dawa ile haijui kobalti iliyopita katika damu yako na ile iliyotoka katika ukucha. Inakusanya zote mbili. Siku hizi kuna mashini zinazotosheka na matone machache bila kazi hiyo, lakini hata hizo hazijui chembe ilitoka wapi. Laboratwari inapima pia chupa ya maji safi ili kujua uchafu wa vyombo vyake. Uchafu wa mikono yako haiwezi kuutambua.

Saa nayo ina maana. Sehemu kubwa ya kobalti inatoka upesi katika mkojo. Ndiyo sababu tunaomba mkojo mwisho wa posti ya mwisho ya juma. Anayeleta siku ya kazi moja ameleta mkojo wa pumziko, si wa kazi.

Na huyu wa chupa ya kuazima? Simcheki. Mtu mwenye watoto wa kulisha anaogopa kwa haki. Lakini kobalti inaweza kuleta pumu, kuumiza mapafu na hata moyo, na rafiki hatakuazima mapafu yake. Kwa hiyo ninasema na wakubwa pia: mfanyakazi akihamishwa kwa sababu ya kipimo, asipoteze mshahara. Aelezwe namba yake kwa siri, na mavumbi yapunguzwe pale alipotoka. Pasipo hayo, chupa za kuazima hazitakwisha. Na bafu yenye maji iwe kabla ya mlango wa kutolea mkojo, si nyuma yake.

Mama, jambo hili linaingia hata nyumbani. Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza vipimo vya mikojo ya watu 351 wa Katanga. Kati ya waliokaa karibu na migodi na viwanda, watoto walipita kiasi cha wafanyakazi kwa wingi kuliko watu wazima. Nguo za kazi zisikungʼutwe mbele ya watoto, wala kufuliwa pamoja na zao.

Basi, siku ya chupa tufanye hivi:

1. Vua nguo za kazi, oga kwa sabuni, safisha kucha.
2. Fungua chupa wakati wa kuijaza tu. Usiguse ndani yake wala ndani ya kifuniko.
3. Funga mara moja, hakikisha jina na saa vimeandikwa.
4. Usinywe maji kupita kawaida ili kupunguza namba; laboratwari inatambua mkojo uliochujuka.
5. Rudi kuuliza matokeo. Namba ile ni yako.