Kukata Mbao Sawa na Kukata Hanamu



Alipata kuja kwangu hapa Tanga kijana mmoja niliyemsomesha chuoni utotoni mwake, naye mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa. Alikuwa amenunua msumeno wa duara wa umeme kwa akiba yake ya mwaka mzima, akitumaini kuongeza riziki ya nyumba yake. Na siku ya tatu ukamkata vidole viwili. Nikamwuliza, "Mwanangu, mkono ulifikaje penye meno?" Akajibu, "Maalim, nilikuwa nikiushika ubao usitikisike." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu, kwa maana kazi ya kuushika ubao si kazi ya mkono.

Useremala ni kazi yenye heshima. Imepokewa katika Sahihi Muslim ya kwamba Nabii Zakaria, amani iwe juu yake, alikuwa seremala. Na katika pwani yetu, toka Tanga hata Pangani, mafundi wamejenga majahazi na kutengeneza milango kwa tezo, keekee na msumeno wa mkono. Lakini msumeno wa mkono humpa mtu nafasi ya kuyatambua makosa yake. Wa umeme haumpi. Bamba lenye upana wa milimita 185 likizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila jino hukimbia kiasi cha mita 48 kwa sekunde moja. Hapana mwanadamu awezaye kuuondosha mkono wake upesi hivyo.

Yapasa kwanza kufahamu jinsi ukatavyo. Meno yake huingia ubaoni kwa chini na kutokea juu. Kwa hiyo uso wa juu ndio uchanikao, na uso mzuri wa ubao hauna budi kulazwa chini. Tena, ubao ukilibana bamba, mashine haiwezi kwenda mbele, bali huruka na kurudi nyuma kumwelekea aliyeishika. Nao ubao hubana lini? Hubana ukitegemezwa ncha mbili tu na kukatwa katikati: uzito wake huushusha, na nafasi ya mkato ikajifunga. Vilevile hubana msumeno ukiuacha mstari na kwenda upogo.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikikata mbao za madawati ya chuo, niliweka ubao juu ya viti viwili nikaukata katikati. Mashine iliruka ikapasua nguo yangu pajani. Mwenyezi Mungu alinisitiri, sikuumia. Toka siku ile nikajua ya kuwa kukata sawa na kukata salama ni jambo moja: kile kinachoupotosha mkato ndicho hicho kiletacho hatari.

Basi matayarisho yafanyike kabla waya haujachomekwa. Laza ubao juu ya vipande vinne vya mbao, viwili kila upande wa mstari, hata kila kipande kibaki mahali pake baada ya kukatwa. Piga mstari kwa skwea. Pima toka ukingo wa kitako cha mashine hata kwenye jino. Tuseme ni milimita 110. Funga ubao mwingine, mnyofu, umbali huo huo toka kwenye mstari, uubane kwa vibano vya chuma. Kitako kitateleza kwa kuufuata, wala mkato hautapotea. Kumbuka ya kuwa meno hula kiasi cha milimita 2 za ubao, nazo zitoke katika kipande cha kutupwa. Kisha shusha bamba lipite chini ya ubao kwa milimita 6 tu. Lizidilo hapo halina faida ila kuongeza hatari.

Sasa shika mashine kwa mikono miwili, usimame kando ya mstari, usisimame nyuma yake. Acha bamba lishike mwendo wake wote ndipo uliingize ubaoni, ulisukume taratibu pasipo kulilazimisha. Likikwama, achia swichi. Usilivute nyuma lingali likizunguka. Wala kifuniko cha meno kisifungwe kwa kamba au kuzuiwa kwa kabari, kama wafanyavyo wenye haraka. Umeme ukikatika, achia swichi na kuchomoa waya, usije ukarudi ghafula. Kanzu na nguo za kupepea hazifai kazi hii. Miwani hufaa, na kitambaa cha pua. Mvule hasa una vumbi liwashalo pua na kifua, na ndani yake mara nyingine hujificha vijiwe vigumu vivunjavyo meno. Mbao kuukuu nazo huficha misumari.

Ama hanamu ni za namna mbili. Ya kwanza ni mstari kupita mshazari juu ya uso wa ubao, kama katika pembe za fremu ya dirisha. Ikiwa huna kipimo cha nyuzi 45, pima upana wa ubao, na umbali huo huo uupime ukingoni kuanzia mstari wa skwea. Unganisha pembe kwa pembe, na hizo ndizo nyuzi 45. Fremu ina mikato minane. Ukikosa uzi mmoja katika kila mkato, na makosa yote yakaelemea upande mmoja, mwishoni utakuta mwanya wa nyuzi 8. Kwa hiyo jaribu kwanza katika kipande kibovu.

Namna ya pili ni kulilaza bamba lenyewe kwa kukiinamisha kitako. Hapa kina hupungua: msumeno ukatao milimita 65 ukiwa wima, ukilazwa nyuzi 45 hukata kiasi cha milimita 45 tu, basi upime upya. Katika namna zote mbili kifuniko huweza kukwama ukingoni mwa ubao. Kiinue kwa mkono wake kilichowekewa, mpaka bamba liingie, kisha ukiachie. Na hapa ubao wa kuongoza ni wa lazima kuliko popote, maana katika hanamu msumeno hupenda kuuacha mstari.

Yule kijana angali akifanya kazi, na fremu zake zinafungana vizuri. Ana vibano viwili, alivyovinunua kwa fedha kidogo sana kuliko bei ya msumeno. Lakini alivinunua baada ya vidole kwenda. Mwili ni amana, ndugu zangu, na majuto ni mjukuu. Enyi wazazi, mkimnunulia kijana msumeno, nunueni na vibano siku ile ile.

Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.